Benchi la Dirishani

Jumamosi ya pili ya Julai tulimzika mwenzangu wa benchi, huko Makambako. Upepo ulivuma tangu asubuhi, mchungaji akawa anashikilia kitabu kwa mikono miwili. Wengine pale walikuwa wamepoteza mama, mke, dada. Mimi nilipoteza mtu aliyenisomea kipimajoto shuleni kwa karibu miaka miwili. Najua haisikiki kama hasara kubwa, ndiyo maana nilikaa nyuma na majirani.

Jumapili, watu wa mbali walipokwisha kuondoka, binti yake alipita ukumbini na daftari kubwa la kaunta, jalada lake limevalishwa gazeti lililogeuka rangi ya chai. Alikuwa anatafuta kalamu. Mama yake alifuga kuku, na banda la vifaranga lazima lipimwe joto asubuhi na jioni, msiba uwepo usiwepo. Nilipoliona lile daftari nilimwomba anipe kidogo. Kurasa za nyuma zilijaa joto la banda. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na mwandiko ule ule, ila wa mtoto, na kichwa cha habari kilichopigiwa mistari miwili: Kanuni za Darasa la Fizikia.

Nami niliwahi kuwa na ukurasa kama huo. Sote tulikuwa nao. Siku ya kwanza ya kidato cha kwanza, mwalimu wa fizikia hakufundisha kitu. Aliandika kanuni ubaoni kwa Kiingereza, akatueleza kwa Kiswahili, kisha akasema tupeleke nyumbani mzazi aweke sahihi. Njombe ile ilikuwa na baridi ambayo wewe mwenyewe unaijua, umande unaganda kwenye majani, na sisi tunatoka mtaa wa Ramadhani kwenda shule kwa miguu tukiwa tumeficha mikono ndani ya sweta, kila mmoja na kiazi cha moto mfukoni. Kiazi kilikuwa cha kupasha vidole kwanza, kuliwa baadaye.

Kanuni zenyewe nazikumbuka bila kusoma. Mtihani wa mwisho alama arobaini, majaribio ya kuandika ishirini, vitendo vya maabara arobaini. Daftari likichelewa siku moja zinakatwa alama mbili. Mvua si sababu, ukungu si sababu. Hakuna kufuta: ukikosea namba piga mstari mmoja juu yake ili mwalimu aone ulichokosea. Namba uliyoisoma vibaya ina alama zake, namba ya kupika haina hata moja. Kupika tulikuwa tunaita kule kutunga majibu ili jaribio lionekane limekwenda vizuri. Na anayetaka kuendelea na fizikia kidato cha tatu awe na hamsini.

Halafu ile ya mwisho, iliyotusumbua wote. Tunakaa wawili wawili. Jaribio likiisha, mwalimu atamchagua mmoja wa benchi na kumwuliza mlichofanya na kwa nini. Atakavyojibu, ndiyo alama ya wote wawili.

Bibi yangu ndiye aliyekuwa mzazi wangu. Hakujua kusoma, nikamsomea, naye akasikiliza huku anachambua maharage. Nilipofika kwenye ile ya benchi akacheka. "Ng'ombe wawili wakifungwa nira moja," alisema, "mwendo ni wa yule mchovu. Huyo mwalimu wenu amewahi kulima." Akachovya kidole gumba kwenye masizi ya sufuria, akaweka alama yake chini ya ukurasa.

Mimi na mwenzangu tulipangwa benchi la dirishani, lenye kioo kimoja na mahali pengine pamezibwa na kipande cha boksi. Yeye alikuwa mtoto wa mkulima wa upande wa Makambako, analala kwa shangazi yake mjini. Mkimya. Mimi nilikuwa na mdomo. Jaribio tulilolifanya mara nyingi lilikuwa la maji kupoa, kwa sababu halikuhitaji vifaa vingi: maji ya moto kutoka kwenye jiko la mkaa nje, kopo, kipimajoto. Mwalimu aligonga meza kwa rula kila dakika, na kila rula ilipogonga ulitakiwa usome.

Wengi wetu tulichomoa kipimajoto majini tukakiinua machoni. Kwa baridi ile, ukikiinua tu kimeshashuka. Mwenzangu hakukichomoa. Aliinama mpaka shavu likagusa meza, akaziba mdomo na pua kwa mkono wa sweta, kwa sababu pumzi ingeweka ukungu kwenye kioo, akasoma kikiwa mle mle ndani. Kisha ananong'ona namba. Mimi naandika. Hakuna aliyemfundisha. Nilipomwuliza aliniambia, "Si unaona kinapoa ukikitoa? Hata wewe ukitolewa kitandani unapoa."

Kwa namba zake, mchoro wetu ulikuwa unashuka taratibu kama mlima wa kwao. Mwalimu aliponiuliza mimi, nilieleza kwa Kiingereza changu cha kubabaisha, tukapata nane, tukapata tisa. Lakini mwalimu alikuwa na tabia ya kumchagua mkimya. Alipomwuliza yeye, alisimama akaangalia dirisha. Alijua kila kitu, Kiingereza ndicho kilichokataa kutoka. Tukapata tatu. Tukapata nne. Wavulana wa benchi la mbele wakawa wakimwona amesimama wananong'ona, "Maji yameganda."

Kidato cha pili, muhula wa mwisho, nilipiga hesabu zangu na kuona naweza kuikosa hamsini. Nilitaka uuguzi. Bibi alikuwa amewahi kulazwa hospitali ya misheni kule Lugarawa, akarudi anawasifu wauguzi kuliko dawa, na mimi nikaweka moyoni kwamba nitavaa lile gauni jeupe. Bila fizikia hakuna gauni.

Nilimfuata mwalimu mchana, wenzangu wakiwa kwenye makande. Alikuwa anaosha makopo.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umekuja kunisaidia kuosha?"

"Naomba kubadilishiwa benchi."

"Amekukosea nini mwenzako?"

"Hajanikosea. Ananishusha."

Aliendelea kuosha. "Nani anasoma kipimajoto pale?"

"Yeye."

"Na wewe?"

"Naandika. Na kueleza."

"Haya," alisema. "Anayetaka kuhama, namhamisha. Ila ukihama hurudi."

Nilihama kesho yake. Mwenzangu alisogeza mkoba wake nichukue wangu. Darasa lilikuwa na idadi isiyogawanyika kwa mbili, kwa hiyo alibaki peke yake dirishani.

Benchi jipya lilikuwa na msichana mwenye maneno kama mimi. Jaribio la kwanza tuliongea mpaka rula ikagonga mara tatu hatujasoma, na tuliposoma tulikiinua kipimajoto juu. Tulipochora, maji yetu yalipoa, yakapata moto tena, yakapoa. Tukapika. Nilijua umbo linavyotakiwa kuwa, nilikuwa nimelichora miezi mingi kutokana na macho ya mtu mwingine. Mwalimu alirudisha daftari na sifuri, na maneno mekundu: "Mchoro mzuri mno. Maji ya Njombe hayapoi hivi."

Nisikufiche kilichofuata. Nilipata hamsini na moja, nikaingia kidato cha tatu cha sayansi. Zile alama za vitendo zilizonivusha zilikuwa za benchi la dirishani. Mwenzangu, ambaye alibaki peke yake na kuulizwa yeye kila mara, hakufika. Akaacha fizikia, na kurasa zilizosalia za daftari lake zikabaki nyeupe. Nami gauni sikulivaa. Kidato cha nne fizikia ilinishinda, ikanishinda vibaya, na sikusoma tena baada ya hapo. Nauza vitambaa na nyuzi pale Ramadhani mpaka leo.

Tulikutana tena tukiwa watu wazima, nilipoanza kwenda Makambako kufuata mzigo. Alinikaribisha kwake, akanichinjia jogoo, akanionyesha banda. Kulikuwa na jiko la mkaa katikati, kipimajoto kinaning'inia kwenye kamba karibu na sakafu. Aliinama, akaziba mdomo kwa kanga, akasoma. Kisha, bila kunyanyuka, akasema kwa utani, "Wewe si ulinikimbia benchi?"

"Mwalimu ndiye aliyenihamisha," nikasema.

"Haya, mwandishi."

Hivyo tu. Akacheka, tukaenda kula. Kwa miaka yote tuliyotembeleana baada ya hapo sikulirekebisha neno langu. Alipougua nilikwenda nimeshajipanga kulisema, nikamkuta anaelekeza namna ya kuchochea mkaa wa banda, nikaona nisimchoshe. Mara ya pili nikamkuta amelala. Mara ya tatu ndiyo hiyo ya Jumamosi.

Ile shule bado ipo. Maabara ilivunjwa ikajengwa nyingine yenye vioo vyote, mwalimu alihamishwa zamani na sijui yuko wapi, bibi amelala makaburini karibu na shamba lake. Alama zetu hakuna anayezijua. Tulibaki nazo mimi na yeye, na sasa nimebaki peke yangu.

Jumapili ile jioni, binti yake aliniita. "Mama mdogo, nisaidie. Nikiinama kule ndani moshi unaniumiza macho. Wewe soma, mimi niandike."

Niliingia bandani. Nilipiga magoti kwenye pumba, nikainama mpaka shavu likakaribia sakafu, nikaziba mdomo kwa kanga.

"Mama alisema mlikaa benchi moja," alisema kutoka mlangoni.

"Tulikaa. Kisha nikahama. Nilimwambia mama yako kwamba mwalimu alinihamisha, lakini niliomba mwenyewe."

Alifungua daftari. Nilisikia vifaranga, na upepo kwenye bati.

"Ngapi?" akauliza.

"Thelathini na moja."

Aliandika. Akaongeza mkaa, akasubiri kidogo.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena.