Pikapu Inayowaka Mara Moja

Pikapu yangu inawaka mara moja. Naingiza ufunguo, nazungusha, inanguruma, basi. Jirani zangu hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka wananipongeza, nami naitikia kwa adabu, lakini bado nina hasira nayo. Zamani ilikuwa na vituko. Ilikohoa kwenye baridi ya Juni, ilizimika mbele za watu, na kila Jumamosi kaka yangu mkubwa alilazimika kuja kuibembeleza.

Namwita yaya, kama tunavyowaita wakubwa wetu kwetu Uvira. Yeye ni fundi wa magari, mimi ni mshonaji. Tulifika kambini msimu mmoja, kila mtu akajenga upande wake na familia yake. Pikapu niliinunua kwa mkulima wa hapa wilayani Dowa aliyekuwa ameshaichoka, na kwa kuwa yaya ndiye aliyenishauri niinunue, kila ubovu wa gari niliuhesabu kuwa wa kwake. Ndiyo inayopeleka sare zangu za shule kwa wateja wa Lilongwe. Isipowaka, jiko langu nalo haliwaki moto.

Ugonjwa wake mkubwa ulikuwa platine. Hivyo ni vichuma viwili ndani ya distribyuta, vinavyogusana na kuachana ili plagi zipate cheche. Vinaungua taratibu, vinashika weusi, na ule mwanya kati yao unabadilika. Yaya alivifuta kwa msasa, kisha akapima mwanya kwa kipande cha boksi la kiberiti, jicho moja amelifumba. Kipimo cha dukani alikuwa nacho, ila alidai kwamba kiberiti hakidanganyi. Mimi nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikimchokoza kwamba anachelewesha kazi makusudi ili anywe chai yangu, naye hakukataa. Tuliongea juu ya mama, juu ya mihogo tuliyoiacha shambani, juu ya nani aliharibu wimbo kanisani. Platine zikishakuwa safi, bado alibaki pale, tambara mkononi, mpaka jua likawa kali. Ninazitamani sana Jumamosi zile.

Kisha Jumamosi moja akaja bila msasa. Alikuwa na kiboksi.

"Leo tunatosha platine," akasema, yaani tunaziondoa. "Tunaweka ya électronique."

"Juu ya nini? Ile iko na ubaya gani?"

"Haina ubaya. Iko na kazi mingi."

Ndani ya kiboksi mlikuwa na pete ya sumaku na kidude cheusi chenye nyaya mbili. Akanieleza kwamba pete inavalishwa kwenye mhimili wa distribyuta, kidude kinaihisi ikizunguka, na chenyewe kinakata umeme bila chuma kugusa chuma. Hakuna cha kusafisha wala cha kupima. Aliyasema hayo akifurahi, mimi nikaumia. Nilidhani amechoka na kazi yangu, labda amechoka na mimi pia. Siku hiyo sikumpa chai, na sikuficha kwamba nimemnyima.

Ilibaki koili, kile kikopo kinachoukuza umeme wa betri mpaka uweze kuruka kwenye plagi. Yetu ilikuwa imeanza kuvuja mafuta. Jumatatu, baada ya kushusha sare mtaa wa Area 23, Lilongwe, tukapitia soko la Tsoka kutafuta nyingine. Muuza spea akatuwekea mbili. Moja nyekundu, inang'aa, imechorwa radi ubavuni. Nyingine nyeusi, haina hata sura. Akasema kwa Chichewa kwamba ile nyekundu ni ya magari ya mashindano na cheche zake si mchezo. Nikaikumbatia hapo hapo.

"Rudisha ile," yaya akasema.

"Yaya, siku zote tunachukuaka kintu kya sura mbaya. Leo acha nami niwe na radi."

Muuzaji alicheka. Yaya hakucheka. Alitoa mita yake mfukoni, akagusa ncha za ile nyekundu, akatikisa kichwa. Akanifafanulia kwamba koili ile inavuta umeme mwingi kupita uwezo wa kidude chetu. Pikapu ingewaka vizuri sana, kisha siku moja kidude kingeungua njiani, bila onyo. Ile nyeusi inavuta kwa kiasi, na inauvumilia umeme wote wa betri bila kuhitaji kipunguzo.

"Kikiungua utanitengenezea," nikasema, bado nimeshika radi yangu.

"Nitakutengenezea kutoka wapi?"

Nikamwangalia.

"Balishatupatia tarehe," akasema. "Mi na bibi na batoto. Tunaenda Australia. We hauko kwa dosie yetu."

Nilijua tangu zamani kwamba mafaili yetu ya kuhamishiwa nchi nyingine ni mawili, na kwamba la kwake na mkewe linaweza kuitwa na langu likabaki. Kujua ni kitu kimoja, kuisikia tarehe ni kingine. Nikairudisha nyekundu, nikachukua nyeusi, nikamwambia muuzaji zikomo, asante ya kwao, kwa sauti ambayo sikuitambua. Kutoka Lilongwe mpaka kambini niliendesha mimi. Yaya aliisikiliza injini tu, kama anayeaga.

Aliifunga koili mchana ule ule. Waya wa zamani ulikuwa umetengenezwa upunguze umeme, platine zisiungue haraka, kwa hiyo akauacha na kuvuta mpya moja kwa moja kutoka kwenye swichi ya ufunguo. Akaniita niwashe. Nilizungusha kidogo tu, injini ikashika, ikatulia, wala haikukohoa.

"Unasikia?" akasema, uso wote unacheka. "Sasa hautakuwa na lazima ya muntu."

"Mi nataka kuwa na lazima ya muntu," nikamwambia, na nikalia palepale kwenye usukani. Yaya alifuta mikono yake muda mrefu, ingawa ilikuwa imeshatakata. Kisha akaomba chai.

Waliondoka kabla ya mvua. Siku hizi anapiga simu kila Jumamosi, kwangu ni asubuhi, kwake jioni. Swali lake la kwanza ni lile lile.

"Ile gari inawaka?"

"Inawaka."

"Vizuri."

Halafu kimya. Salamu za watoto, habari za baridi, kimya tena. Miaka yote hiyo tuliongea boneti ikiwa wazi, na bila hiyo hatujui tuanzie wapi. Simu inakatika mapema, nabaki nimeishika, nimemkasirikia yeye na kazi yake nzuri.

Jumamosi iliyopita aliponiuliza, nikashindwa kuvumilia.

"Yaya, inakohoa," nikasema. "Asubuhi inakataa. Naona platine iko muchafu."

Platine alizitoa kwa mikono yake mwenyewe, mimi nikiwa nimesimama hapo nimenuna. Nilisubiri acheke, au anigombeze. Nikasikia kiti kikiburutwa, halafu pumzi ya mtu anayekaa vizuri.

"Usiogope," akasema. "Fungua kofia ya distribyuta pole pole, uniambie kile unaona. Mi siko na haraka."

Nikatoka nje na simu sikioni, nikafungua boneti, nikaanza kumweleza.