Majina ya Ubao wa Drafti

Niliandika majina ya watu pale Malaba miaka mingi kabla sijaweza kusoma gazeti. Shule niliachia darasa la pili na sioni haya kusema. Herufi nilijifunza nyuma ya malori. Lori likikaa kwenye foleni ya forodha siku tatu, unachuchumaa nyuma yake na kijiti, unachora kwenye vumbi kile kilichoandikwa juu ya mlango wake. R niliijua kama mtu aliyetanguliza mguu. B niliijua kama mama mjamzito aliyesimama wima. Maana ya neno nilikuja kuambiwa baadaye. Kwa kazi hiyo nimejenga nyumba ya mawe na nimesomesha watoto watano. Aliye na digrii aje tushindane kuandika "Hoteli" juu ya bati lililopinda.

Kibanda changu kilikuwa ng'ambo ya uwanja wa malori, huku kwetu Kenya. Asubuhi nilichora mabango ya maduka. Mchana, jua likiwa kali hadi rangi inakauka kabla brashi haijafika, nilifunga mikebe na watu wakaja kucheza drafti. Ubao wa kuchezea ulikuwa wangu, nimeupiga miraba kwa mkono wangu, na kete zilikuwa vifuniko vya soda, mmoja anachezesha vilivyofunuliwa na mwenzake vilivyofunikwa. Walikuja madereva wanaongoja karatasi, mawakala wa forodha, wabeba mizigo, na Mganda mmoja mnene aliyebadilisha pesa pale daraja, ambaye alikuwa anacheza vizuri na kusema sana.

Ukutani nilipigilia plaiwudi nzima nikaipaka rangi nyeusi. Hapo kila mchezaji aliyefunga watu watano mfululizo alipata kuandikwa jina lake la mchezo. Hakuna aliyecheza kwa jina la kwao. Na kwa kuwa wanaume wote wanatamani majina yaleyale, hapo ndipo kazi yangu ilipoonekana.

"Fundi, niandike Komando," dereva mmoja aliniambia.

"Komando wako watatu. Wa kwanza ana nyota kila upande. Wa pili ana radi. Wa tatu ana mikuki miwili imepishana. Wewe utakuwa Komando na nini?"

"Niwekee bunduki."

"Bunduki siweki. Polisi wanacheza hapa."

"Basi niwekee mbawa."

Yule Mganda hakuinua macho kwenye kete zake. "Komando wa mbawa, sebo? Huyo si ni kuku."

Walicheka, lakini mbawa alizitaka, nikamchorea, unyoya mmoja mmoja. Sikuwahi kurudia pambo. Herufi za mmoja nilizinenepesha kama fahali, za mwingine nikazitia pembe, za mwingine nikazipa kivuli cha rangi ya machungwa ukadhani zimetoka nje ya mbao. Mtu alitoka safarini Kigali wiki tatu, akashuka kwenye lori, na kabla ya kunawa uso alikuja kwanza kuangalia kama jina lake bado liko. Nimeona wanaume wazima wakisimama mbele ya ubao ule kimya kama wako kanisani.

Na nilikuwa na sheria moja. Hapa hatuulizani majina ya kwenu. Malaba ya miaka hiyo ilikuwa imejaa watu waliokimbia kitu: kesi, kodi, ukoo, mke. Mtu akija kuulizia mtu, jibu langu lilikuwa fupi. Nilijivunia sheria hiyo. Wanaume waliniamini kwa sababu yake.

Kulikuwa na mbeba mizigo mmoja, mwembamba, mwenye pengo kwenye meno ya mbele. Alicheza mwaka mzima kabla hajafikisha watano mfululizo. Siku aliyofikisha alisema anataka kuitwa Bachela. Nilimuuliza pambo gani. Nilidhani atasema nyota au moyo, maana Bachela walikuwa wawili tayari, wote wa mioyo. Yeye aliinama, akachora chini kwa ukucha: vistari vilivyolala upande, jozi kwa jozi, vikikutana kama mgongo wa samaki, na kila baada ya jozi tatu alama ndogo ya ukucha.

"Hii ni nini?" nikamuuliza.

"Mama yangu alikuwa mfinyanzi. Alikuwa anaweka hii shingoni mwa chungu."

"Na yeye anacheza drafti?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Alikufa."

Yule wa nyuma akasema pole. Pambo lile lilinichukua siku mbili. Lilizunguka jina lote kama shingo inavyozunguka, na nakwambia kweli, ndilo lililokuwa zuri kuliko yote, ingawa halikuwa na rangi ila nyeupe.

Sasa Alhamisi moja asubuhi, nikiwa nachora bango la bucha, mama mmoja alikuja akasimama nyuma yangu. Alikuwa amevaa leso mbili na viatu vya plastiki vilivyojaa vumbi mpaka kifundo. Alinisalimia vizuri, akataja jina la mtu anayemtafuta, la ubatizo na la baba. Akasema ametoka Butula.

"Hapa hakuna mtu wa jina hilo," nikamwambia. Sikugeuka. Nilikuwa kwenye mkia wa herufi na mkia hauachwi katikati.

"Niliambiwa anabeba mizigo Malaba."

"Wabeba mizigo nawajua wote, mama. Huyo hayuko."

"Kuna jambo nyumbani," akasema.

Kila mke aliyekuja pale alisema kuna jambo nyumbani. Nikamjibu, "Jaribu kule kwa mawakala." Akashukuru akaenda. Sikumdanganya. Jina alilolitaja sikuwa nimelisikia hata siku moja, na ningeapishwa ningeapa hivyohivyo.

Siku hiyohiyo saa nane mchana Bachela alikuja. Alicheza mpaka saa kumi na moja. Alimfunga yule Komando wa mbawa mara mbili, akaingiza kingi, akasimama akacheza dansi kidogo, na pengo lake wazi. Ijumaa alfajiri alipanda lori la kwenda kupakia Tororo.

Ijumaa mchana yule mama alirudi. Hakuuliza kitu. Aliomba tu akae kivulini. Alikuwa amezunguka makanisa, maloji ya wageni na uwanja wote wa malori, na akashuka hadi Busia akarudi, akitaja jina lilelile kwa watu waliotikisa kichwa. Nikampa maji. Alikunywa polepole akiangalia mbele yake, na mbele yake kulikuwa na ubao wa majina. Kisha akaweka kikombe chini, akainuka, akapita katikati ya wachezaji bila kuomba njia, akaweka kidole chake juu ya rangi yangu.

"Hii nani ameandika?"

"Mimi."

"Nani alikuonyesha?"

Sheria ilikuwa yangu na wanaume walikuwa wananitazama.

"Hii ni ya mama mkwe wangu," akasema. "Hakuna mwingine anaiweka. Vyungu vyangu vyote vilikuwa nayo. Vimebaki viwili." Kidole chake kilikuwa kinafuata vile vistari kimoja kimoja mpaka kikafika kwenye herufi, kikasimama. "Hapa katikati imeandikwa nini?"

Dereva mmoja akakohoa. Mwingine akaniambia kwa Kiteso, kwa sauti ya chini, nimwambie limeandikwa Fundi. Lakini mimi kudanganya kuhusu kazi yangu siwezi.

"Limeandikwa Bachela," nikasema.

Hakuna aliyecheka, hata yule Mganda.

"Sawa," akasema. "Na huyo bachela ako wapi? Mtoto wake amekufa."

Hapo ndipo alipotuambia. Msichana wa miaka mitatu, homa ya siku mbili, Jumatano asubuhi akakata roho mgongoni mwake wakiwa njiani kwenda zahanati. Mwili ulikuwa umelazwa nyumbani. Wazee walikubali kumngoja baba mpaka Jumamosi saa sita, maana kwao baba ndiye hutia udongo wa kwanza, na jua la siku zile lilikuwa haliruhusu zaidi. Yeye ndiye aliyetumwa kumtafuta kwa sababu ni yeye tu aliyekuwa amesikia kwamba mumewe yuko Malaba. Mwanamume alikuwa hajafika kwake mwaka na miezi.

Simu za mkononi zilikuwa bado hazijatufikia. Yule Mganda alisimama, akafunga mfuko wake wa pesa ndani ya shati.

"Mimi nitakwenda," akasema. "Tororo ni kwetu. Nitamleta na baiskeli yangu. Nyanya, wewe rudi kwako uwaambie anakuja."

Mama wa watu alikuwa mdogo kuliko yule Mganda, lakini Mganda alimwita hivyo kwa heshima, na hakuna aliyemsahihisha. Tulimpandisha gari la kwenda Bumala, njia ya kwao Butula. Kabla halijaondoka aliniangalia dirishani kama mtu anayetaka kuuliza jambo, halafu akaliacha.

Tororo yule Mganda hakumkuta. Lori lilikuwa limepandishwa Mbale kufuata mahindi. Mganda alilala kwa shemeji yake, Jumamosi kukipambazuka akaacha baiskeli akapanda gari, akamkuta ghalani na gunia begani. Aliniambia baadaye kwamba alimwita "Bachela" na jamaa akageuka anacheka, akidhani ni wito wa mechi. Walifika Malaba saa saba na nusu.

Nilifunga kibanda nikaenda na Bachela. Watu waliniuliza naenda kufanya nini kwenye msiba wa mtu nisiyemjua. Nilikuwa na neno la kusema, na neno hilo halikuwa la kutuma. Njiani aliniuliza mara moja tu, "Mke wangu alikuja lini Malaba?"

"Alhamisi asubuhi."

Alihesabu kichwani, nikaona anahesabu. "Alhamisi nilikuwa pale kwako."

"Ulikuwa pale."

Alitazama nje mpaka tukafika.

Tulipoingia bomani kwake ilikuwa saa kumi na moja. Wanawake walikuwa wanasugua sufuria. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kilima kidogo cha udongo mwekundu, kifupi, mtu angekiruka bila kukimbia. Kaka yake mkubwa ndiye aliyetia udongo wa kwanza kwa niaba yake. Mzee mmoja, bila hasira yoyote, alisema, "Tuliongeza masaa mawili. Tulikungoja mpaka saa nane." Bachela alichota udongo kwa mkono, akaongeza juu, akabaki amechuchumaa na mkono palepale.

Mkewe nilimkuta ukumbini. Vile vyungu viwili vilikuwa nyuma yake kwenye kivuli, na jicho langu la kazi likaviendea kabla sijalizuia. Nilikuwa nimekosea. Alama ya ukucha kwenye chungu ilitazama chini, na mimi nilikuwa nimeitazamisha juu. Lakini aliitambua.

Nikamwambia bila kuzunguka. "Mama, Alhamisi ile mume wako alikuja kwangu saa nane. Ungeketi ungemkuta. Mimi ndiye niliyekwambia hayuko."

Hakulia. Nadhani machozi yalikuwa yameisha. "Ulijibu haraka," akasema. "Hata hukuniuliza anafanana aje."

Nilitaka kumweleza habari ya sheria yangu, na wanaume walioniamini. Nikaona maneno hayo hayana mahali pa kukaa katika nyumba ile. Nikamwambia, "Sikukuuliza." Akaniletea kiti na uji, kwa sababu nilikuwa mgeni na nilikuwa nimetoka mbali. Niliunywa. Ni kitu kigumu zaidi ambacho nimewahi kumeza, na mimi nimemeza mengi maishani.

Bachela hakurudi Malaba kubeba mizigo. Nilisikia kwamba alipata kazi ufukweni Sio Port, ya kuanika dagaa wa omena, na kwamba mkewe alimfuata huko na watoto waliobaki. Sikuenda kuhakikisha.

Mimi nilirudi kazini Jumatatu. Niling'oa plaiwudi ukutani nikaigeuza, na nyuma yake nikapiga mistari kwa chaki. Kuanzia siku hiyo, aliyetaka jina la upande wa mbele, lenye pembe, lenye mbawa, lenye chochote, alinipa kwanza la kwao niliandike nyuma. Hili la nyuma niliandika kwa herufi za kawaida, kwa shida, maana majina ya watu ni marefu na shule nimewaambia niliishia wapi. Wengine walikataa. Komando wa mikuki aliniuliza kama nimeanza kuandikisha kura. Nikamwambia atoe jina la babake au atoke kwangu, na alitoka, na hakurudi, na nilimfuta. Kwa mwezi mmoja kibanda kilikuwa nusu tupu. Yule Mganda ndiye aliyekuwa wa kwanza kuandikwa, jina lake, jina la kijiji chake, la shemeji yake.

Maswali yalikuwa matatu. Jina la kwenu. Kijiji. Na ikitokea jambo, nani atatumwa kukuita, na utamtambua kwa alama gani. Mawili ya kwanza walijibu, wengine kwa kunong'ona. Kwenye la tatu dereva wa lori la magurudumu kumi na nane, mtu aliyevuka mipaka minne kila mwezi, alikuwa anashika kifuniko cha soda mkononi, anakigeuza, anakigeuza, na mimi nikingoja na chaki yangu bila kumharakisha.