Oili Mbili Hadi Chome

Mama yangu alikaa kwangu Same mjini miaka miwili, na muda wote huo hakuwahi kutoa nguo zote kwenye begi lake. Alishuka kutoka Chome kuja kutibiwa nyonga. Nyonga ikapona, lakini mimi na dada yangu tukamwekea sharti: atarudi mlimani siku nitakapokuwa na gari la kumfuata wakati wowote akiugua. Gari nilikuwa nalo, gumu, linalovuta kwa magurudumu yote manne, japo lina umri wa kuitwa babu. Shida ilikuwa gia namba mbili. Iliingia kwa kelele, na kwenye mteremko ilijitoa yenyewe. Anayeijua barabara ya Chome hahitaji kuelezwa hatari yake.

Alhamisi asubuhi, Same mjini, nilimpakia mama na begi lake nikapitia duka la spea. Nilikuwa nimeambiwa kwamba oili mpya ya gia ingemaliza matatizo, sasa swali likawa oili ipi. Muuzaji alinisogezea kopo linalong'aa.

"Mwalimu, chukua sintetiki. Hutarudi hapa tena."

Fundi aliyekuwa amekaa mlangoni akacheka. "Gari la zamani litie oili ya kawaida. Sintetiki itapenya yote, utaiacha njiani kabla ya Makanya."

Mimi ni Mpare, tena mwalimu, kwa hiyo nilibishana na wote wawili. Mwishowe nikanunua sintetiki, kopo lenye maandishi mengi kuliko yote. Maandishi hunishinda siku zote. Nikamwambia mama kwamba tungesimama Makanya kwa fundi mmoja niliyesifiwa, labda kwa saa kadhaa.

"Nimekaa miaka miwili," alisema. "Nitashindwa saa kadhaa?"

Saa nne tulikuwa Makanya. Jua lilikuwa kali na vumbi la jasi, mawe meupe yanayochimbwa pale, limepaka kila kitu weupe, hadi majani ya miti. Fundi mwenyewe ni Elineema, mama wa makamo anayetengeneza malori yanayobeba jasi hiyo. Alimpa mama kiti kivulini, akalichukua kopo langu, akaligeuza na kusoma nyuma.

"Hii ni ya difu."

"Wameandika oili ya gia," nikasema.

"Hata difu, ile iliyo katikati ya ekseli, ina gia, mwalimu. Ila hii ina dawa kali. Ndani ya gia boksi yako kuna ringi za shaba, ndizo zinazofanya gia iingie bila kelele. Dawa hii itazila taratibu. Kitabu cha gari unacho?"

Nilikuwa nacho, chini ya kiti, sijakifungua tangu ninunue gari. Akaisoma namba ya oili inayotakiwa, akaingia chini ya gari na kufungua nati. Kilichomwagika kwenye beseni kilikuwa na rangi tatu na mapovu juu.

"Hii ni oili au makande?" aliuliza.

Nilicheka, kisha nikakumbuka, na aibu ikanishika. Siku ile niliyokwenda kumchukua mama, oili ya gia boksi ilipungua nikiwa Chome. Kwetu kazi ikimzidi mtu mmoja hupigwa msaragambo: kila nyumba inatoa mtu na jembe lake, mfereji unazibuliwa, barabara inachongwa, na hakuna anayekaa pembeni. Siku ile kila nyumba ilitoa oili. Baba Togolani, jirani yetu, alileta iliyobaki kwenye pikipiki, mwingine akaleta ya mashine ya kusaga, mwingine ya lori. Hakuna aliyeuliza aina. Tulisali, nikamshusha mama salama, na wiki hiyohiyo gia namba mbili ikaanza kulalamika. Mimi nikasingizia uzee wa gari.

"Sasa niambie," Elineema alisema, "ni sintetiki au ya kawaida?"

"Ndiyo nimekuja kukuuliza wewe."

"Na mimi nakuuliza gari litalala wapi."

"Chome."

"Kwenye baridi. Na maji unavuka?"

"Mvua zikinyesha, mara mbili."

Akaniambia basi jibu ni yote mawili. Gia boksi itiwe sintetiki ya namba iliyo kwenye kitabu, kwa sababu asubuhi za Chome oili ya kawaida huwa nzito kama uji uliolala, na kwenye mteremko mrefu sintetiki huvumilia joto. Difu itiwe ya kawaida, ya daraja lake. Difu ikiwa ya moto na kuingia mtoni inaweza kuvuta maji, na oili yenye maji humwagwa tu, hata iwe ya bei kubwa.

"Kwa hiyo yule fundi wa Same aliyesema sintetiki itavuja alikosea," nikasema, nikitafuta ushindi hata mmoja.

"Hakukosea. Sili yako, ile raba inayozuia oili isitoke, imechoka; sintetiki ingevuja kweli. Tunabadilisha sili kwanza."

Alibadilisha sili. Akatia oili ya kawaida kidogo ya kusafishia, akanituma hadi barabara kuu na kurudi, akaimwaga, ndipo akatia sintetiki yenyewe, na difu akaitia ya kawaida. Kopo langu alinishauri nilirudishe dukani likiwa limefungwa. Sikubisha.

Saa tisa alasiri tulianza kupanda. Makanya ikawa ndogo chini yetu, joto likabaki huko, na mama akafungua kioo. Migomba ilipoanza kuonekana akaanza kuimba pambio kwa sauti ya chini. Nilikuwa na furaha na woga kwa pamoja, kwa sababu kupanda si mtihani. Mtihani ni kushuka.

Karibu na Chome tuliwakuta watu kwenye msaragambo, wakijaza kifusi mahali palipoliwa na mvua. Baba Togolani akaweka jembe chini, akaja na dumu mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Tulisikia unamleta mama. Tumekukusanyia oili, kila nyumba."

Watu hawa walimshusha mama yangu kwa wema wao, na wema huohuo ndio ulioharibu gia. Mama ndiye aliyejibu kupitia dirishani.

"Baba Togolani, ile ya kwanza ilinifikisha hospitali. Nashukuru. Lakini gari lilikula makande, likaumwa tumbo miaka miwili."

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Aliliangalia dumu lake, akauliza taratibu, "Sasa sisi tukusaidie nini?"

Niliona ameumia. Nikashuka, nikamfungulia kitabu cha gari na kumwonyesha namba. Nikamwambia wakichanga tena, wanunue kopo moja tu la namba ile, likae kwake limefungwa. Akaokota msumari, akaichonga namba ile kwenye mpini wa jembe lake, akanisomea ili nihakikishe. Kisha akanikumbusha kwamba nimekuja bila jembe. Nilifanya kazi hadi jua lilipokaribia kuzama.

Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, ukungu ulikuwa umefunika hadi mlango wa jiko. Niliwasha gari, nikakanyaga klachi, nikasukuma gia namba mbili. Ikaingia kimya. Nikashuka nalo mteremko wote ulio chini ya nyumba, mkono nimeuweka mbali na gia makusudi, nikageuza na kurudi. Mama alikuwa amesimama uani na kitenge mabegani.

"Imejitoa?"

"Haijajitoa."

"Basi nenda, usichelewe. Nina maharage ya kuchambua."

Niliposhuka peke yangu niliwaza jinsi nilivyotaka kujua oili ipi ni bora, kabla sijasema gari linakwenda wapi na linambeba nani. Bila hayo mawili, muuzaji na fundi wa Same wangebishana hadi leo, na wote wangekuwa sahihi.

Makanya nilisimama kumshukuru Elineema. Alichungulia chini ya gari, akapitisha kidole kwenye sili, akanionyesha kidole kikavu. Nikampigia dada yangu.

"Vipi gari?" aliuliza.

"Limeshuka vizuri."

"Na mama yuko wapi?"

"Yuko kwake," nikasema.