Oili Chafu Kwenye Blåbär

Miaka hiyo nilikaa Fittja, kitongoji cha jiji huko Ulaya, kazi yangu kuwahudumia wazee majumbani. Mmoja wao, bibi mjane, alikuwa na kipande cha msitu nje ya jiji. Kila masika tulikwenda kwa basi kukata misonobari michanga kwa msumeno wa mkono.

"Ikirefuka," aliniambia, "jua halifiki chini, na vichaka vya blåbär havizai."

Vichaka vyenyewe havikufika hata magotini. Mwezi wa nane tulichuma vile vitunda vya buluu iliyokolea kwa vidole. Chanuo la kuchumia alilikataa. Alisema linang'oa matawi.

Mwaka mmoja harufu ilitupokea kabla hatujafika. Mifuko myeusi ya taka ilikuwa imetupwa katikati ya vichaka, imepasuka. Nepi. Utumbo wa mbuzi unaotambaliwa na funza. Juu yake mtu alikuwa amemwaga oili chafu ya gari, imeganda kwenye matunda na majani. Nikatapika kando ya kisiki.

Bibi alisimama tu, ndoo mkononi. "Watu gani wanafanya hivi?"

Kwenye mfuko mmoja nikaona kadi za mwaliko wa ubatizo wa mtoto wa dada yangu. Mbuzi yule nilimla mimi kwenye sherehe hiyo, wiki iliyotangulia, nikaomba na kuongezewa. Na njia ya kufika pale niliwaonyesha mwenyewe, dada na mumewe, tulipokwenda kuchuma mwaka uliotangulia. Nilitaka kuficha kadi. Nikajichukia kwa kutaka hivyo.

"Ni shemeji yangu," nikamwambia bibi, kisha nikampigia simu palepale.

"Shemeji, uchafu wako uko huku msituni."

Akacheka. "Si porini tu huko? Mvua itaosha."

"Njoo uuzoe."

"Leo nina wageni."

Hakuja. Kesho yake alikuja dada yangu, tukazoa, funza wakitupanda kwenye glavu. Bibi alivikata vichaka vilivyolowa oili hadi usawa wa ardhi, akitumaini vitachipua. Havikuchipua.

Shemeji alinitumia ujumbe kwamba nimeaibisha familia mbele ya mzungu. Jumapili, kanisani, akaninyooshea mkono huku anatabasamu. Niliupokea, maana watu walikuwa wanatazama. Halafu nikaenda chooni kunawa kwa sabuni, nikanawa tena.