Bomba la Moshi Ambalo Mama Mkwe Hakulisifu

Nyinyi vijana mnaotoboa mabomba ya pikipiki zenu ili zisikike kutoka Kamembe mpaka Nkanka, kaeni chini kwanza. Leo sitaki kuwagombeza, ingawa mnastahili. Nataka mujue kwamba hata nyumba hii iliwahi kuwa na gari la makelele, na makelele yale niliyachagua mimi mwenyewe. Mimi huyu, ambaye nikikohoa mnazima redio.

Shule sikuikalia sana. Nitasema kama nilivyoona.

Gari lilikuwa la shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu. Lilikuwa dogo, jekundu, milango miwili tu, limelala chini kama mbuzi aliyeshiba. Kule Bukavu, ng'ambo ya mto upande wa Kongo, tulikolelewa sisi wote, shemeji alikuwa dereva wa mzungu mmoja wa kahawa. Mzungu alipokimbia, wakati askari walipopora mji, alimtupia funguo akamwambia, chukua. Mume wangu, ambaye kazi yake ni kuchomelea vyuma, alinieleza mara nyingi kuliko nilivyotaka kwamba moteri ya gari lile haina pistoni kama zingine. Ndani kuna chuma cha pembe tatu kinachozunguka tu, kama jiwe la mashini ya muhogo. Ndiyo maana linakula mafuta, linatoa moto mwingi nyuma, na dereva akiachia mguu linapiga: pa! pa! Nilimjibu kwamba kitu kinachokula sana na kupiga kelele ninacho tayari nyumbani, na hakina pembe tatu.

Vita vilipoingia Bukavu, mume wangu na mimi na watoto tulikuwa tumetangulia kurudi Rwanda, nchi ya wazazi wetu, tumepata kiwanja hapa Kamembe. Shemeji alimpakia mama yao kwenye kiti cha mbele akavuka naye daraja. Daraja la mbao, gari la chini: ubao mmoja ulikamata bomba la moshi ukaling'oa lote, likaanguka mtoni. Wakaingia kwetu gari linanguruma kama tingatinga. Shemeji alicheka mpaka akashika mbavu, akanywa maji akiwa amesimama, akarudi Bukavu kwa miguu kuchukua vyombo vya mama. Hatukumwona tena. Waliovuka baadaye walituambia alivyokufa. Sitayasema hapa. Mama yake aliyasikia, na hiyo inatosha.

Huyo mama mkwe wangu nyinyi mnamjua kwa picha tu. Bukavu aligombana na kila kitu: mvua, paka, katekista, ugali wangu. Ukali mnaoulalamikia nimeuchota kwake. Lakini baada ya habari ile aliacha. Alikaa kwenye kiti karibu na mlango, macho yake yameshaanza kuingia ukungu, akawa anasema asante. Nikimpa ugali mbichi, asante. Watoto wakimmwagia maji miguuni, asante, si kitu. Sikieni: mama mkwe akimaliza mwezi hajakugombeza, ameanza kuondoka. Niliogopa sana, na sikumwambia mtu.

Siku moja mume wangu alichuchumaa mbele yake.

"Maman, unataka nini? Sema tu, nitaleta."

"Niko bien, mwana wangu."

"Maman."

Akavuta kitenge chake magotini. Kisha akasema, "Nataka nisikie ile gari yake inakuya. Mara moja tu."

Basi milango na madirisha ya watu yakalala karakanani bila kuguswa. Bomba la kwanza mume wangu alilikunja kwa bati la pipa. Kwa moteri zingine lingefaa. Kwa ile, kabla hajafika sokoni lilikuwa jekundu kama jiko, likatoboka. Akaenda kutafuta mabomba mazito ya maji kwa wauza vyuma chakavu. Alilijaza kila moja mchanga, akalipasha moto, akalipinda polepole lisivunjike. Akachomelea sanduku la kupunguza sauti, halafu la pili, akayashindilia zile nyuzi za chuma ninazosugulia sufuria. Nilizitafuta siku tatu.

Alipoliwasha, gari lilikuwa limepoa kama paka. Akashuka nalo mpaka chini ya kilima, akapanda tena taratibu mpaka mlangoni. Mama alikuwa ameelekeza sikio.

"Iko muzuri sana," alisema. "Asante, mwana wangu." Akageuza uso ukutani.

Mume wangu alidhani kazi haijawa safi ya kutosha. Akaongeza mdomo wa kung'aa nyuma, halafu akaupasua uwe midomo miwili. Wenye pikipiki wakawa wanasimama kutoa hukumu.

"Papa, hii sasa inaimba kama kwaya!"

"Kwaya gani?" mwenzake akamjibu. "Kwaya ya kwenu ikiimba hivi mimi nitabatizwa."

Mama naye akasema, "Muzuri. Umefanya kazi." Ukutani tena.

Siku ile mume wangu alikaa chini karibu na gari, mikono myeusi, mtu mzima, akataka kulia. "Haiko yake," alisema. "Hajaisikia. Nitaongeza sanduku la tatu."

Nilikuwa namenya muhogo. Kisu kikasimama mkononi. Nikakumbuka jioni za Bukavu, gari lile likipanda kilima, na mama mkwe akiacha mwiko kwenye sufuria na kutoka mlangoni mikono kiunoni. Kila siku ya Mungu alilitukana. Alimtukana shemeji mwenyewe, na mzungu aliyempa, na yule Mjapani aliyelitengeneza bila kufikiri.

"Wewe mujinga," nikamwambia mume wangu, "gari lile mama alilisifu lini?"

Akafikiri. "Hakulisifu hata siku moja."

"Sasa wewe unamtengenezea la kusifiwa. Tengeneza la kutukanwa."

"Unataka nifanye kazi mbaya? Miye, fundi? Bantu wa hapa mtaani wakiona?"

"Fanya mbaya. Toa masanduku."

Alininunia siku mbili. Msimcheke. Mtu aliyezoea kuunga chuma usione alipounga, ukimwambia aharibu kwa makusudi, unamvua nguo. Siku ya tatu alikuja mwenyewe akasema, "Panda. Mimi nilikuwa ndani na kaka kila mara. Weye ndiyo ulikuwa unaisikia kutoka nje."

Tukaenda mbali, kwenye barabara ya Nkanka, pasipo na watu. Alikata masanduku yote mawili, akaacha bomba moja lililonyooka. Nilisimama kando ya shamba la mtu, nimefunga kitenge vizuri, yeye anapita, anarudi.

"Inalia kama ng'ombe," nilisema. "Kata."

Akakata kwa msumeno, akapita tena.

"Bado ina adabu. Kata."

Mara ya tatu gari lilipita, akaachia mguu, pa! pa!, na mimi nilishtukia nimeshika kiuno, mdomo wazi, tayari kumgombeza shemeji. Nilimpungia mkono tu kwamba ni hapo hapo. Mume wangu alizima, akaweka kichwa kwenye usukani, na hatukutazamana mpaka tulipoona Kamembe.

Jumamosi mchana nilimweka mama kitini, nikampa sahani yake. Mume wangu alianzia chini kabisa. Tulisikia gari linapanda, linakohoa, linapanda. Pa! Mkono wa mama ukaacha sahani ukatafuta fimbo. Pa! pa! Akasimama. Sikumshika.

"Weye!" alipiga kelele. "Miaka yote nakuambia, hiyo debe yako itaua kuku zangu! Muntu muzima, hauna haya? Na chakula imepoa!"

Gari likazimwa. Mume wangu akashuka, akasimama na funguo mkononi, hajui aitike kama nani. Mama alijua. Hakuwa amechanganyikiwa, msidhani hivyo. Alijipangusa macho kwa ncha ya kitenge, akamwambia, "Na wewe unasimama nini hapo? Ingia. Harufu ya mafuta inaingia kwenye chakula." Halafu akanigeukia mimi. "Na hii ugali ni mbichi."

Nilimshukuru Mungu kwa sauti.

Ndipo nikatazama kwa jirani. Sufuria ilikuwa motoni, inamwagika, na hapakuwa na mtu. Kiatu kimoja cha mtoto kilikuwa katikati ya uwanja. Jirani yangu, mama wa watoto wawili, alikuwa amelala kifudifudi nyuma ya migomba, watoto wote wawili chini yake. Miaka ile milio ya risasi ilikuwa ikivuka mto kutoka upande wa pili, na kila mtu hapa alijua ina maana gani. Mimi pia nilijua. Kwa kumfikiria mama mkwe wangu, nilisahau.

Nilienda nikamwinua. Akanishika kitenge.

"Maman, ni nini? Wamevuka?"

"Hapana. Ni gari letu. Ni bomba nililochagua mimi."

Alinitazama, akacheka kwa hasira, kisha akakaa chini akalia, na mimi nikakaa naye kwenye majani mpaka alipomaliza. Nyumba tano niliingia siku ile kuomba msamaha, mimi nisiyeomba.

Bomba sikulitoa. Mama alikuwa amekula sahani nzima na alikuwa anataka nyingine, akilaani chumvi. Nilirudi nyumbani, nikawasimamisha wote uwanjani, mume wangu mbele, funguo nikazifunga kwenye fundo la kitenge changu, nikasema:

"Kuanzia leo, hakuna muntu anawasha hii gari kabla ya kupita mlango kwa mlango. Dereva mwenyewe, hatumi batoto. Anabisha, anasema kwa mdomo wake: ni gari, si vita. Na nyumba ambayo haijaitika, anarudi anabisha tena, mpaka waitike."