Oili Si Nyeusi

Tone la oili lilipogusa kikaango lilitatarika, likaruka hadi kwenye mkono wangu, na jiko zima likanuka utamu wa ajabu, kama sukari iliyoungulia kwenye sufuria chafu. Oili nzima haifanyi hivyo. Oili nzima ukiidondosha kwenye chuma cha moto inatandaa kimya na kutoa moshi, basi. Hii ilikuwa na maji ndani. Hapo ndipo uvumilivu wangu ulipokwisha.

Ilikuwa oili ya gari la shule, lile linalombeba binti yangu Tusa wa chekechea na wenzake kumi na watatu. Dereva, Lusajo, ni jirani yangu hapa Bondeni, na gari hulala uani kwake. Wiki nzima nilimwona kila asubuhi akijaza maji kwenye rejeta. Wiki nzima nilimwuliza yanakwenda wapi. Siku hiyo aliniambia, "Mama Tusa, hilo ni jasho la injini. Mvua yote hii, Kyela nzima imelowa, injini isilowe?" Akaongeza kwamba mwanamke ukimfungulia boneti ataonja chumvi kama kwenye mchuzi, akaingia ndani kunywa chai. Boneti akaiacha wazi. Nikavuta stiki ya kupimia oili, nikakinga matone kwenye kijiko, nikarudi kwangu kubandika kikaango.

Sikujifunza hayo gereji. Nilijifunza kijijini Makwale, nikiwa na miaka minane, na neno hilohilo, jasho, ndilo lililonirudisha huko.

Tata, baba yangu, alikuwa na pikapu ya kijani iliyochoka, ya kubebea kakao na mpunga. Kila asubuhi, kabla injini haijawashwa, kazi yangu ilikuwa kupima oili. Navuta stiki, naifuta kwa kipande cha shati lake la zamani la kwaya, naichomeka, navuta tena. Yeye yuko kibarazani na kikombe chake, hageuki hata kidogo. Anauliza tu, "Inasemaje?" Nami najibu, "Nyeusi, Tata." Safari ipo. Wenzangu walikuwa wanafukuza ndege kwenye mpunga. Mimi nilinuka oili mpaka kanisani, na nilijiona meneja.

Akiwa na wasiwasi alidondosha tone kwenye kikaango cha mama, tunasikiliza kama kinatatarika. Mama alimwahidi kwamba siku moja atakaangiwa samaki wake wa mbasa juu ya boneti.

Jioni moja ya masika Tata alinituma niongeze maji kwenye rejeta. Nikaongeza. Asubuhi yake stiki ikatoka na rangi nisiyoijua, kahawia iliyopauka, kama kakao iliyotiwa maziwa, na povu linalonata kwenye kidole. Nikajua nimetia maji kwenye tundu silo. Nimeua gari la Tata.

Mama alikuwa ameshapanda mbele, mdogo wangu mapajani akiwaka homa, wanawahi hospitali mjini.

"Inasemaje?"

Nilifuta stiki harakaharaka.

"Nyeusi, Tata."

Nilikaa nyuma juu ya magunia, na kila gari lilipokohoa nilibana meno. Tulipofika katikati ya daraja la mbao, injini ililia kama inatafuna misumari, halafu kimya. Mto ulikuwa umejaa, maji yanagonga mbao chini yetu, na pikapu haikusogea tena. Watu waliokuwa mashambani walikuja, wakatushika mikono mmoja mmoja. Mama alivuka na mtoto mgongoni, viatu mkononi, akisema "ndaga fijo, ndaga fijo," akiwashukuru huku meno yanagongana. Mdogo wangu alipona. Pikapu haikupona. Tata hakununua nyingine, na mimi sikupima oili tena.

Hakuna aliyenigombeza, na hilo ndilo lililonitafuna. Nilimaliza shule ya msingi nalo, nikamaliza sekondari nalo, nikazaa nalo. Mwaka jana nikiwa namuuguza Tata mguu, nilimweleza yote: maji, tundu, uongo wangu. Alikanda goti lake.

"Si wewe, mwanangu," alisema. "Gasketi, ile inayozuia maji yasiingie kwenye oili, ilikuwa imeungua. Nilijua tangu Jumatatu. Nilikuwa najiambia ni jasho."

Nikamwuliza, sasa kwa nini ulinituma mimi nikapime?

"Nilitaka mtu aniambie nyeusi."

Nilikasirika, nikalia, nikampikia uji. Miaka yote nilidhani nilimdanganya mtu mzima, kumbe mtu mzima alikuwa ameniomba nimdanganye, kisha akatupakia wote.

Kwa hiyo Lusajo asinieleze habari za jasho. Nilizima jiko. Tusa alikuwa mlangoni na sare yake, begi mgongoni, anauliza mbona gari linapiga honi na sisi hatutoki. Nikamwambia leo tunatembea. Nikakifunga kikaango kwenye kanga, nikamshika mkono, nikaenda moja kwa moja ofisi ya askari wa barabarani. Askari alitazama kikaango, akanitazama mimi, akanisukumia karatasi na kalamu. Niliandika hivi:

"Mimi ni mkazi wa Bondeni na mzazi wa mtoto wa chekechea. Nalalamika rasmi kwamba gari linalobeba watoto wetu limeingiza maji kwenye oili ya injini, na dereva anajua. Gari hilo huvuka daraja kila siku. Naomba likamatwe sasa hivi, kabla halijamaliza kukusanya watoto. Nimepima mwenyewe, na kikaango nimekuja nacho. Oili si nyeusi."