Sindano ya Kunyoosha Damu

Kuruta akishachomwa ile sindano ya bega, damu yake inanyooka kama reli. Tangu siku hiyo anakimbia mbele tu. Kushoto na kulia haendi mpaka asikie amri. Ndiyo maana hujawahi kumwona askari anapiga chenga.

Maneno hayo aliniambia baba mzazi, nikiwa nimeshafunga begi langu la kwenda kujitolea jeshini. Aliyasema taratibu, macho yakiwa chini, kama mtu anayetoa siri ya ukoo. Nikayameza yote bila kutafuna.

Sikuwa mchezaji wa mchezo. Nilikuwa winga wa kulia wa kijiji chetu, pembeni ya Inyonga, na beki niliyempita alibaki anatafuta kiatu chake mpaka Jumatatu. Siku moja tulicheza na vijana wa kutoka Kibaoni. Nikawapita mabeki wote, nikampita golikipa, nikakutana na ng'ombe wa Msukuma mmoja anakatiza uwanja. Huyo ng'ombe peke yake ndiye aliyenisumbua. Sasa mtu wa namna hiyo angebaki kijijini afanye nini? Nilitaka timu ya jeshi. Tulisikia kwamba kule hawaulizi baba yako nani, wanatazama miguu.

Baba alitazama bani. Kwa asiyelima tumbaku, bani ni kile kijumba kirefu cha kukaushia majani. Unayachuma, unayatundika juu, kisha unawasha moto chini na kuulisha kuni mchana na usiku, karibu juma zima. Ukizidisha, majani yanaungua. Ukisinzia, yanaharibika na jasho la msimu mzima limekwenda. Dada zangu walikuwa wameolewa, macho ya baba yalikuwa yamechoshwa na moshi, kwa hiyo mlinzi wa moto nilikuwa mimi. Hakunikataza kuondoka. Alinipa ile habari ya damu, basi, akanisindikiza mpaka kwenye basi na kunibebea begi.

Kambini walitupanga mstari, mikono ya fulana imekunjwa. Sindano ilipoingia, naapa nilisikia damu inajipanga kwa kwata: mguu sawa! Bega likauma siku mbili. Nikajua baba hasemi uongo.

Toka hapo niliuogopa mpira kama mtu anayeogopa kupanda mizani. Wenzangu wakicheza, naomba kukaa beki, kwa sababu beki hata akienda mbele tu anasamehewa. Mkataba wetu ulipokaribia kwisha, likatangazwa jambo nililolifuata kule: majaribio ya timu. Watakaopita wanabaki jeshini na mpira wao. Wengine wanarudi makwao.

Afande kocha alikuwa mfupi, sauti yake inaweza kuamsha Ziwa Tanganyika. Alinitazama miguu akasema, "Wewe si beki. Kaa winga."

Mpira ukaja. Beki huyu hapa mbele yangu, kulia kweupe kabisa, hata bibi kizee angepita. Nikakumbuka damu yangu. Mwili ukakakamaa, nikamvaa yule beki kifuani kama gari lililokatika breki. Mara ya pili nikanyoosha moja kwa moja, nikautoa mpira, na mimi mwenyewe nikatoka, nikapita kibendera, nikapita wapishi.

"We kuruta! Unakwenda wapi, Burundi?"

"Sijui, afande. Ni damu, afande."

"Damu gani?"

Wenzangu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Kocha hakucheka. Alinisogelea, akapunguza sauti. "Miguu unayo, kijana. Jumamosi nakupa nafasi nyingine. Uje na akili."

Kabla ya Jumamosi baba akapiga simu ofisini, nikaitwa. Alikuwa amepanda kichuguu kutafuta mtandao, nasikia upepo unapiga. "Tumbaku imeiva, baba. Huko vipi?"

Nikamjibu, "Ni kama ulivyosema."

Akasema, "Basi rudi nyumbani."

Ijumaa nikapanda basi. Alinipokea kwa furaha kubwa, "Karibu afande!", akanikabidhi shoka la kuni. Nimechoma tumbaku tangu hapo, naye tumeshamzika. Jumamosi, mpira ukitangazwa redioni, nakaa mlangoni mwa bani nausikiliza. Mtangazaji akisema winga wa kulia amechomoka, miguu yangu inajikunja kwenye majivu.

Kisa hiki nimekisimulia misibani, harusini, kwenye magulio. Watu wanalia kwa kucheka. Hata niliposoma masomo ya jioni na watu wazima wenzangu, nikapata cheti cha kidato cha nne nikiwa na mvi mbili, sikushtuka. Kitabu cha biolojia kilieleza damu yote bila kutaja kunyooka. Nikasema vitabu vya raia haviwezi kuwa na siri za jeshi.

Mwaka huu binti yangu amemaliza kidato cha sita, ameitwa kambini kwa mujibu wa sheria. Naye ni winga, wa kushoto, na ana chenga kunizidi mimi. Tulikuwa uani, mama yangu anabangua karanga, binti anakunja nguo zake. Nikamwambia, "Mwanangu, wakija na sindano ya bega, jifiche hata chooni. Utaupoteza mpira kama mimi."

Binti akaangua kicheko. "Baba nawe na hadithi zako!"

"Si hadithi. Mimi nilikuwa nabaki timu ya jeshi. Niliiacha Jumamosi yangu kwa sababu ya damu hii."

Mama akaacha karanga. Akanitazama muda mrefu, mpaka binti naye akaacha kucheka.

"We mtoto," akasema, "kumbe ulikuwa unaamini?"

"Mama, alinieleza baba mwenyewe!"

"Miaka yote unasimulia watu wanacheka, na wewe unacheka. Mimi nikajua ulishagundua, unatania tu."

"Kugundua nini?"

Akajipangusa maganda kwenye khanga, akajibu bila kupandisha sauti.

"Ile ni sindano ya pepopunda. Hata mimi nilichomwa hiyohiyo kliniki, nikiwa na mimba yako. Haya ya chenga aliyatunga baba yako. Alitaka urudi uchome tumbaku."